Kijiko cha Baba Mkubwa

Baba Mkubwa amezikwa Jumamosi huko kisiwani Kome, na mimi sikwenda. Ndugu wamenisema sana, na wana haki ya kunisema. Wengine walipiga simu hadi nikaizima. Nilishinda nyumbani kwangu Ilemela nikifua nguo ambazo zilikuwa safi, na jirani yangu, kama vile ametumwa, akawasha lile jenereta lake bovu linalotoa moshi wa buluu. Harufu ya oili iliyoungua ikaja moja kwa moja hadi kwenye kamba ya nguo. Siipendi harufu hiyo. Nikiinusa natafuta mtu wa kugombana naye, na siku hiyo nilimfokea mtoto wa watu aliyeniletea maziwa, bure kabisa, hata hela yake nikasahau kumpa.

Mliokulia Mwanza miaka ya ruksa mnaijua harufu hiyo. Ilikuwa Kirumba, ilikuwa Pasiansi, ilikuwa kila mahali palipofungwa boti. Mashirika ya serikali yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, viwanda vya minofu vinaota ufukweni, sangara wanapanda ndege kwenda kuliwa ng'ambo na sisi tunabaki kugombania mapanki, yale mafuvu na mifupa inayobaki baada ya nyama kuondoka. Siku hizi watu wa rika langu wakikutana wanayasimulia hayo huku wanacheka. Mimi sicheki.

Baba yangu alikuwa fundi wa injini kwenye karakana ya shirika mojawapo. Shirika lilipouzwa, wafanyakazi walipunguzwa, na yeye sehemu ya mafao yake alilipwa kwa injini. Wala si utani. Injini ya dizeli ya silinda mbili, imelala nyuma ya stoo miaka mingi, ina kutu mpaka kwenye skrubu. Aliileta Pasiansi kwa mkokoteni, akaishusha uani, na msimu mzima wa mvua akawa anaifungua na kuifunga chini ya turubai huku kuku wanataga pembeni yake. Kaka yake, ambaye ndiye huyu Baba Mkubwa, alikuwa seremala. Yeye akaleta mbao, akaunda boti. Kwa hiyo injini ilikuwa ya baba, boti ilikuwa ya Baba Mkubwa, na hawakuandikishana popote. Nani anamwandikisha ndugu yake wa tumbo moja?

Mama ndiye aliyekuwa na akili ya biashara. Ni Mkerewe, visiwa anavijua, wauzaji anawajua kwa majina. Alikuwa ananunua dagaa huko, wanapakia kwenye boti, Baba Mkubwa anashika usukani, baba anaihudumia injini, na mzigo unashushwa Kirumba. Tulikuwa tunakula vizuri. Nakumbuka hata sare yangu ya darasa la pili haikuwa ya mtumba.

Halafu baba akaugua kifua. Alikohoa mwanzoni kama mtu mwenye mafua, baadaye akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Mama alilazimika kuendelea kwenda visiwani, maana dagaa hawamngojei mgonjwa, na siku ambazo hayupo Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa anamuuguza. Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, mkimya, macho yake mekundu kwa moshi wa injini na vumbi la mbao. Alikaa pembeni ya kitanda na kijiko cha kulia wali, akamnywesha uji, halafu dawa ya maji yenye rangi ya chai ya rangi. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama. Kila akimnywesha, baba anakohoa zaidi. Anainua kichwa, anameza, anakohoa. Asubuhi moja ya Jumapili baba hakuamka, na hakuna mtu mzima aliyenikalisha chini akanieleza ni ugonjwa gani. Mtoto asiyeelezwa anajieleza mwenyewe. Mimi nilijieleza kwamba ni kile kijiko.

Sikumwambia mtu. Nilimchukia tu Baba Mkubwa, kimyakimya, kwa bidii. Akija nyumbani nampa shikamoo huku natazama ukuta. Akileta pipi nazitupa chooni. Yeye aliniitikia marahaba na kunishika kichwa, akaniita mayu, jinsi wazee wa Kisukuma wanavyowaita watoto wa kike kwa upendo, na mimi nikitoka hapo naenda kunawa kichwa.

Boti iliendelea kwenda. Sasa mama na Baba Mkubwa walikuwa wawili tu, bila mtu wa katikati, na hawakuelewana. Mama alitaka mzigo uongezeke. Ile injini ilikuwa imefunikwa na sanduku la mbao, na humo ndani kulikuwa na chujio la hewa, dude la chuma lenye ukubwa wa sufuria, ambalo injini inavutia hewa kupitia humo ili isimeze vumbi. Mama alisema dude hilo linakalia nafasi ya magunia mawili. Baba Mkubwa akakataa lisiguswe. Wakabishana ufukweni, watu wanatazama, na siku ya pili yake Baba Mkubwa akiwa ameenda kutafuta dizeli, mama akachukua spana ya baba akalifungua mwenyewe. Mke wa fundi, alijua kufungua. Akaja nalo nyumbani akatupa sisi watoto tuchezee. Tulilipikia ugali wa tope. Niliona kila kitu kwa macho yangu, lakini kwangu mimi lilikuwa sufuria.

Sasa fikirieni dagaa wa siku zile. Walikuwa wanaanikwa mchangani, si kwenye chanja kama wanavyohimizwa siku hizi. Ukiwakusanya unakusanya na mchanga. Gunia likitikisika linavuja vumbi la mchanga laini, na magunia mawili yalikuwa sasa yameegemea mdomo wa injini isiyo na chujio. Hakuna aliyeliwaza hilo. Au labda Baba Mkubwa aliliwaza na akachoka kubishana.

Haikuchukua muda. Injini ikaanza kuwa ngumu kuwaka asubuhi. Baba Mkubwa anazungusha hendeli, ile nondo iliyopinda ya kuwashia, jasho linamtoka, na injini inatema moshi wa buluu na kuzima. Ikiwaka inagonga. Ko, ko, ko, ko, kwa nguvu ikiwa ya baridi, kisha inapungua kidogo ikipata moto. Tukiwa shuleni tuliweza kuisikia ikikatisha mbele ya Pasiansi na wenzangu wakanitania kwamba boti yetu inatwanga mihogo. Siku moja ilikosa nguvu katikati ya safari ya kutoka Ukerewe, ikatambaa mpaka jua likakaribia kuzama, mama akashuka amefura. Akasema mbele ya wachuuzi wote kwamba shemeji yake anaiua injini kwa makusudi, kwa sababu injini ikifa kitakachobaki ni mbao, na mbao ni zake. Baba Mkubwa alisema ataiangalia.

Kesho yake nilitoka shule nikapitia ufukweni. Nilimkuta peke yake ndani ya boti, injini inaunguruma na kugonga. Alikuwa ameshika bisibisi ndefu, ncha yake ameigusisha kwenye chuma cha injini na mpini ameuweka sikioni, amefumba macho. Anasogeza, anasikiliza, anasogeza. Kisha akalegeza nati ya bomba la dizeli la silinda ya kwanza, mlio wa kugonga ukabaki vilevile. Akaikaza, akalegeza ya silinda ya pili, na mlio ukafifia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Akazima injini, akafungua kile kipande kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, pakabaki tundu. Halafu akatoa kijiko mfukoni.

Nawaambia, nilikaribia kujikojolea. Akachota oili kwenye kopo, akakishika kijiko kwa mikono miwili isimwagike, akamimina taratibu kwenye lile tundu. Akasubiri. Akamimina tena kidogo. Kisha akafunga, akashika hendeli na kuzungusha polepole kwa mkono, bila kuwasha, akisikiliza uzito wake. Safari hii injini ilimkatalia, ikarudisha mkono wake nyuma. Akakaa chini. Alipogeuka aliniona nimesimama kwenye mawe na begi langu. Akaniambia niende nyumbani, na kwamba nisimwambie mama kwanza, atamwambia yeye mwenyewe.

Mnadhani mtoto wa miaka minane alielewa nini? Nilikimbia. Nilimkuta mama anachambua mchele, nikamwambia Baba Mkubwa amemimina kitu ndani ya injini kwa kijiko na kasema nisikwambie. Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo. Akaniuliza kama nina hakika ni kijiko. Nikamwambia ndiyo, na alikimimina kwenye tundu, na baadaye akazungusha hendeli. Akaendelea kuchambua, punje moja moja, mpaka nikadhani nimekosea kumwambia. Mwishowe akasema nikiulizwa na wakubwa nisiogope, niseme nilichokiona. Usiku huo alinipakulia samaki kipande cha mgongo, ambacho huwa ni cha wageni.

Wiki ileile wazee wa ukoo wakaja kutoka Bujora kumaliza msiba na kugawa mali ya marehemu. Walikuwa wanne, wakiongozwa na Babu, mdogo wake babu yangu mzaa baba. Mali yenyewe ilikuwa boti, na boti ilikuwa imelala ufukweni haiwaki. Habari za ugomvi walishazipata njiani. Babu akasema injini ifunguliwe hadharani, mchana, wote wakiona, ili asitokee wa kusema kimebadilishwa kitu. Akaitwa fundi mmoja Mhaya aliyefanya kazi na baba karakana, mtu mwenye maneno ya mkato. Akatandika turubai, akafungua kichwa cha injini, akaingiza kidole ndani ya silinda ya pili na kukipitisha ukutani taratibu. Akakitoa, akasugua kidole kwa kidole, akamwonyesha Babu.

Alisema ni mchanga. Ringi, zile pete zinazoziba pembeni mwa pistoni, zimelika, silinda imelika, pumzi inavujia pembeni ndiyo maana haiwaki, na pistoni inacheza ndani ndiyo maana inagonga. Babu akauliza mchanga unaingiaje ndani ya chuma kilichofungwa. Fundi akasema njia ni mbili, ama injini imevuta hewa chafu kwa muda, ama mtu kautia. Akaonyesha mahali ambapo chujio lilipaswa kuwapo. Babu akamshukuru sana, akaagiza apewe soda na kiti kivulini kule mbali, kwenye vibanda vya wauza samaki. Mambo ya ukoo si ya kusemwa mbele ya mgeni. Mtu pekee pale ambaye hakuwa na upande wowote akaondolewa kwa heshima zote, akaenda kunywa soda yake.

Baba Mkubwa akasema chujio aliliondoa shemeji. Mama akasema aliliondoa yeye Baba Mkubwa. Wazee wakatazamana. Na sasa ngoja niwaambie utaratibu wa wazee wale, maana ndio uliotuua. Watu wazima wawili wa nyumba moja wakikana, kila mmoja na lake, anaitwa mdogo aliyekuwapo. Wanaamini mtoto bado hajajifunza kupanga maneno. Babu akaniita mbele, akaniuliza kwa sauti ya upole nimeona nini kwenye boti. Hakuniuliza habari za chujio. Angeniuliza lile dude la chuma liko wapi, ningekwenda kumletea sufuria letu likiwa na tope lake ndani.

Nikasema nimemwona Baba Mkubwa anamimina kitu kwenye injini kwa kijiko, na amenikataza nisimwambie mama. Watu wakaguna. Nilijisikia mkubwa. Nilikuwa sijawahi kusikilizwa na watu wengi namna ile, na yule niliyemchukia alikuwa amesimama mbele yangu mikono imemlegea. Basi nikaendelea.

"Ni kijiko kile alichokuwa anamnyweshea baba. Akimnywesha, baba anakohoa. Alimnywesha mpaka akafa."

Hakuna aliyenituma kusema hayo. Nikasikia mawimbi yanapiga kwenye mawe. Baba Mkubwa hakunitazama mimi. Alimgeukia mama. Alieleza kwamba oili ile ni kipimo: ukiimimina inaziba pembeni mwa pistoni kwa dakika chache, pumzi ikirudi unajua ni ringi, isiporudi unajua ni valvu. Alieleza vizuri, kama mwalimu, lakini wazee wale walikuwa wafugaji, na injini ilikuwa imeshatoka vichwani mwao. Sasa walikuwa wanamfikiria maiti.

"Shemeji," akasema Baba Mkubwa, "kipimo hiki unakijua. Mumeo alikuwa anakifanya mbele yako. Waambie."

Mama akainama. Akajifunika uso kwa khanga na kulia kwa sauti, na wanawake wakamzunguka. Wazee wakayachukua machozi kuwa ndiyo jibu.

Boti ikawa yetu, injini na mbao. Baba Mkubwa aliambiwa aondoke Pasiansi kabla hajaletewa matatizo, na matatizo yalikuwa tayari njiani, kwa sababu watu walishaanza kuyataja yale macho yake mekundu, na mnajua kwetu kutajwa macho mekundu ni kuitwa mchawi. Alivuka kwenda Kome na sanduku lake la randa na patasi. Hakuoa. Wiki mbili baadaye nilimkuta mama nyuma ya nyumba amelichukua lile sufuria letu la tope, analisugua kwa mchanga na sabuni ya kufulia mpaka ndani. Fundi mwingine akaja kufunga ringi mpya, na chujio likarudishwa mahali pake. Nililia sana, kwa sababu tulikuwa hatuna tena cha kupikia.

Injini ile ilinisomesha. Naijua kila safari iliyonipeleka sekondari. Nilikua, nikapata kazi, nikaweka bustani ya mboga huku Ilemela na pampu ya dizeli ya kumwagilia. Siku pampu ilipokosa nguvu nilimwita kijana mmoja fundi. Akaifungua, akaguna, akaniomba kijiko. Nikamuuliza cha nini. Akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba anataka kujua pumzi inapotelea wapi, kwenye ringi au kwenye valvu, amimine oili kidogo. Nilimpa. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikamtazama mpaka akamaliza, na alipozungusha ikamkatalia akafurahi, akasema, mama umeona, ni ringi.

Wakati huo Baba Mkubwa alikuwa bado hai. Hilo ndilo linalonitafuna. Nilikuwa na nauli, nilikuwa na miguu. Mara moja nilifika mpaka kwenye kivuko, nimebeba sukari na shuka jipya, nikasimama foleni, na zamu yangu ilipofika nikajitoa nikarudi. Ningemwambia nini? Kila mwaka nikasema mwaka huu. Nilimchukia Babu aliyeniita mbele, nikamchukia yule fundi kwa kukubali soda, nikawachukia wote waliokuwapo ili pasibaki nafasi ya kujichukia. Sasa amekufa, na hakuna wa kumpelekea shuka.

Mama alikwenda mazishini. Amerudi Jumatatu, akaja kwangu moja kwa moja kutoka stendi, akavua viatu, akaniambia watu walikuwa wengi, wali haukuiva vizuri, na padri kamsifu marehemu kwa uvumilivu wake. Hapo kwenye uvumilivu nikashindwa. Nikamuuliza kitu ambacho sijamuuliza maisha yangu yote, kama siku ile ya wazee alikuwa anakijua kile kipimo cha oili.

Hakushtuka. Alisema alikitambua tangu nilipomwambia pale kwenye ungo. Alisema angefungua mdomo wangejua nani aliyeharibu injini, ukoo ungechukua vyote, yeye angerudishwa Ukerewe mikono mitupu na sisi tungepelekwa Bujora kuchunga ng'ombe wa watu. Alikuwa na watoto watatu na dagaa ambao hajalipwa. Nikamwambia mtu ameishi peke yake mpaka kufa, anaitwa muuaji wa mdogo wake, kwa ajili ya magunia mawili.

Mama alinitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mtu mzima mwenzake.

"La injini ni langu," akasema. "Hilo nitalijibu mimi mbele ya Mungu. La baba yako sikulisema mimi, wala halikuwahi kunijia kichwani. Lile ulilisema wewe."

Kisha akaomba maji ya kunawa, nikaenda kumletea.